Ua la ndimi za moto katika kiwanja cha Kigamboni

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nimenunua kiwanja Kibada, Kigamboni, hapa Dar es Salaam. Mwezi huu wa Mei, nilipokwenda kukikagua, nilikuta kwenye kichaka cha kona ya nyuma mmea unaopanda juu ya matawi ya miti mingine, wenye maua mekundu yenye kingo za njano, kama ndimi za moto. Jirani ananiambia kwamba ni mmea adimu wa jamii ya lili na kwamba kiazi chake kina bei kubwa. Mama yangu, aliyekulia Chanika, anasema ni sumu, na kwamba enzi zao ulikuwa tele hata watoto wakiyachezea maua yake njiani. Fundi ataanza kusafisha kiwanja mwezi wa saba. Je, ni ua gani, ni adimu kweli, na nifanye nini kabla greda halijaingia?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Picha uliyoniambatanishia haiachi shaka yoyote: huo ni mmea ambao wanasayansi wanauita Gloriosa superba, jina alilolitumia Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1753, na ambalo kwa Kilatini lina maana ya kitu chenye fahari na utukufu. Alama zake ni tatu, na ukizijua hutaukosea tena. Ya kwanza ni ua lenyewe, ambalo huinama uso ukitazama ardhini huku petali zake sita nyembamba, zenye kingo za mawimbi, zikijikunja kurudi juu. Huanza na rangi ya kijani, zikaingia njano, kisha nyekundu, na ndiyo sababu shina moja huweza kubeba maua ya rangi tofauti kwa wakati mmoja, ingawa ni maua ya aina ileile yaliyopishana umri tu. Ya pili ni ncha ya jani, ambayo haiishii kwenye kona kama majani mengine bali hurefuka na kujisokota, ikashika kijiti chochote inachokigusa. Mmea huu hupanda kwa majani yake. Ya tatu imo chini ya ardhi, nami nitairudia baadaye, kwa sababu ndiyo inayoamua kama mmea wako utaiona masika ijayo.

Kuhusu jamii ya lili, jirani yako amesema jambo lililokuwa sahihi katika vitabu vya zamani. Kiswahili chetu kina neno nyinyoro, ambalo wasomaji wa Biblia watalikumbuka kutoka katika Wimbo Ulio Bora, na ambalo limetumika kwa maua ya aina nyingi yanayochipuka kutoka kwenye tunguu au kiazi mvua inapoanza. Wataalamu wa mimea wa karne zilizopita nao walifanya vivyo hivyo: walitengeneza familia moja kubwa ya lili, na kila mmea uliokuwa na petali sita, stameni (vijiti vya kiume vya ua) sita na ovari yenye vyumba vitatu juu ya kikalio cha ua wakautia humo, hata ikafika mahali kitunguu maji, kitunguu saumu, mshubiri na hili ua lako vikahesabiwa kuwa ndugu. Familia hiyo ilikuwa kapu zaidi kuliko ukoo. Uchunguzi wa vinasaba ulipopamba moto katika miaka ya 1990, kapu likamwagwa na kila kilichomo kikapelekwa kwao: vitunguu kwingine, mishubiri kwingine, na Gloriosa ikawekwa katika familia ya Colchicaceae, ambayo bado ni jirani wa karibu wa lili halisi, kwa kuwa zote mbili zimo katika oda moja, yaani kundi kubwa linalokusanya familia zenye asili moja. Mimi binafsi sioni ubaya wowote kwa mtu wa kawaida kuendelea kuliita lili au nyinyoro, mradi ajue kwamba udugu huo ni wa binamu.

Lili halisi, zile zilizobaki katika familia hiyo baada ya kapu kumwagwa, ni mimea ya nusu ya kaskazini ya dunia, na hakuna hata moja iotayo yenyewe katika misitu ya Tanzania. Ninazitaja kwa sababu mojawapo inasaidia kujibu swali lako la pili kuliko maelezo yoyote. Katika milima ya Eryri huko Wales, kwenye nyufa chache za miamba mikali ambako kondoo hawafiki, huota lili ndogo nyeupe iitwayo Gagea serotina. Katika Uingereza nzima haipatikani kwingine, na kwa watu wa Wales ni ua adimu linalohifadhiwa kwa wivu. Lakini ukienda kwenye milima ya Alps, au kwenye milima ya magharibi ya Amerika Kaskazini, utaikuta mmea huohuo bila kutafuta sana. Kwa hiyo mtu akikuuliza kama mmea fulani ni adimu, mwulize kwanza: adimu wapi?

Kwa dunia nzima, Gloriosa superba si adimu. Imeenea katika sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, Madagaska, India, Sri Lanka na Asia ya Kusini-Mashariki. Zimbabwe imeifanya ua lake la taifa, na jimbo la Tamil Nadu kule India nalo limeichukua kuwa ua la jimbo. Nchini Australia, ilikopelekwa kama pambo, imetoroka bustanini na kuvamia vilima vya mchanga vya pwani hadi inahesabiwa kuwa magugu. Mmea wa namna hiyo huwezi kuuita adimu mbele ya mtu wa jimbo la Queensland kule Australia bila kuchekwa.

Katika Dar es Salaam, hata hivyo, mama yako anasema kweli. Nilipokuwa kijana nikisoma Mlimani, masika yakikolea tuliyaona maua haya katika vichaka vya kampasi na pembeni mwa njia za miguu, wala hakuna aliyesimama kuyatazama. Leo nikitaka kuwaonyesha wanafunzi, napanga safari. Sababu ya kwanza kila mtu anaijua: jiji limekua, na vichaka vya pwani, ambavyo ndivyo makazi ya mmea huu, vimegeuka nyumba. Lakini iko sababu ya pili, isiyoonekana kwa urahisi, nayo inatokana na tabia ya mmea wenyewe.

Gloriosa huishi maisha mawili katika mwaka mmoja. Mvua zinapoanza, hutoa shina kutoka kwenye kiazi, hupanda kwa kasi hadi mita moja au hata tatu, huchanua, huzaa, na mvua zinapokatika majani hugeuka njano, shina hukauka na kuanguka, na juu ya ardhi hapabaki kitu. Kiangazi chote mmea unalala. Sasa fikiria kazi ya kusafisha viwanja hufanyika lini. Hakuna mkandarasi anayependa kuingiza greda kwenye matope ya Aprili. Kazi hiyo huanzia Juni, ardhi ikishakauka, yaani wakati uleule ambapo mmea umejificha na hata mwenye kiwanja anayeupenda hawezi kuonyesha ulipo. Mti mkubwa ukikatwa, watu huuona ukianguka, na pengine mzee mmoja atalalamika. Kiazi kilicho chini ya ardhi hufukuliwa pamoja na kifusi, kikamwagwa kusikojulikana, na masika ifuatayo hakuna anayejua kwamba kuna kitu kilipaswa kuota pale. Ndivyo mtaa baada ya mtaa ulivyopoteza ua hili bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya nalo.

Kiazi chenyewe nacho hakivumilii misukosuko. Mara nyingi kina matawi mawili kama herufi V, au kimepinda kama kiwiko cha mkono, na jicho la kuchipua liko kwenye ncha. Kiazi kitamu unaweza kukikata vipande na kila kipande kikaota. Hiki ukivunja ncha yake kwa jembe, kipande kilichobaki hata kiwe kinene namna gani mara nyingi huoza bila kuchipua. Isitoshe, kila mwaka mmea hutumia kiazi cha zamani mpaka kikasinyaa, na hutengeneza kipya cha kulalia, kwa hiyo ukiukata majani kabla hayajamaliza kazi yake, kiazi kipya huwa kidogo na mwaka unaofuata hutapata ua. Vijana wanaofyeka nyasi kando ya barabara mara mbili au tatu kila masika huudhoofisha hivyo, polepole, hadi ukatoweka.

Juu ya bei, nakuomba usimsikilize jirani. Ni kweli kwamba huko Tamil Nadu wako wakulima wanaoishi kwa mmea huu: huupanda mashambani kwenye nguzo na waya, huchavusha maua kwa mikono yao wenyewe, kisha huuza mbegu kwa viwanda vya dawa. Hilo ni zao kamili lenye mtaji, utaalamu na wanunuzi waliokwisha kufahamika, wala halilingani na viazi vitatu au vinne vya kona ya kiwanja. Mtu atakayekuja na gunia akikuahidi pesa kwa kila kiazi atakuachia shimo, na asiporudi hutashangaa.

Viwanda hivyo vinatafuta kolkisini, sumu iliyomo katika mmea huu, na hapo tunafika kwenye neno la mama yako, ambalo naomba ulichukue kwa uzito kuliko mengine yote. Kolkisini ilitengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1820 na wanakemia wawili wa Ufaransa, Pelletier na Caventou, kutoka katika ua la Ulaya liitwalo Colchicum. Kwamba Gloriosa ya Afrika na ua hilo la Ulaya hubeba sumu ileile ilikuwa dalili ya udugu wao muda mrefu kabla ya vinasaba kuthibitisha. Ni kitu chenye sura mbili. Kwa kipimo kidogo sana ni dawa ambayo madaktari huiandika kwa wagonjwa wa jongo, na watafiti wa mbegu wameitumia tangu mwaka 1937 kuongeza maradufu kromosomu za mimea, kazi ambayo iliwezesha baadaye kupatikana kwa tikitimaji lisilo na mbegu. Kwa kipimo kinachozidi kidogo, huua. Huzuia seli zisigawanyike, kwa hiyo hushambulia kwanza sehemu za mwili ambazo seli zake hugawanyika kila siku: utando wa matumbo, uboho wa mifupa unaotengeneza damu, na mizizi ya nywele.

Mmea mzima una sumu hiyo, lakini kiazi na mbegu ndizo za hatari zaidi, na kupika hakusaidii, kwa sababu kolkisini haiharibiwi na joto la chungu. Aliyekula huweza kukaa saa kadhaa bila dalili yoyote. Kisha hupata kichefuchefu, kutapika, maumivu ya tumbo na kuhara, mambo ambayo katika jiji letu mtu atayadhania kuwa chakula kilichochacha au hata kipindupindu. Baadaye huweza kuonekana kama amepata nafuu, na hapo ndipo familia hudanganyika, kwa kuwa siku zinazofuata moyo, figo na damu huanza kushindwa. Waliopona mara nyingi hupoteza nywele baada ya wiki moja au mbili. Hakuna dawa ya kuizima sumu hii inayopatikana hospitalini kwa kawaida. Tiba ni kumsaidia mgonjwa mapema, na mapema hapa ina maana ya saa zile za mwanzo. Kwa hiyo ikitokea mtoto ametafuna sehemu yoyote ya mmea huu, usimlazimishe kutapika, usipoteze muda kumnywesha maziwa kama tulivyozoea, wala usisubiri dalili. Mpeleke hospitali, ukichukua na kipande cha mmea ili daktari ajue anapambana na nini. Wako pia watu wanaotumia kiazi hiki kama dawa ya kienyeji; siwezi kuwashauri kufanya hivyo, kwa kuwa kiasi cha sumu hutofautiana kati ya kiazi na kiazi, na hakuna jicho linaloweza kukipima.

Ajali nyingi zilizoandikwa, hasa kutoka Sri Lanka na India, zilitokana na mtu kukidhani kiazi hicho kuwa chakula. Kwetu hatari hiyo iko mahali mahususi: kiazi kikuu. Nacho hupanda juu ya miti, nacho hunyauka kiangazi, nacho huchimbwa wakati juu hapaonekani kitu. Tofauti iko kwenye majani, na inabidi uitazame mvua zingali zinanyesha. Jani la kiazi kikuu ni pana, lina umbo la moyo, limeshikwa na kikonyo kirefu, na huwa shina lenyewe ndilo linalojizungusha kwenye mti. Jani la Gloriosa ni jembamba kama ncha ya mkuki, limekaa moja kwa moja juu ya shina bila kikonyo, na ncha yake ndiyo ndoana. Kwa sababu hiyo usiupande kamwe karibu na bustani ya viazi, mihogo au tangawizi, na viazi vyake usivihifadhi jikoni hata kwa usiku mmoja.

Baada ya kukutisha kiasi hicho, utaniuliza kama inafaa kuuokoa. Naona inafaa, kwa mtu mzima makini mwenye uzio, na hasa kwa kuwa mmea wako hauna njia nyingine: mwezi wa saba utafukiwa. Kama una watoto wadogo wanaotambaa au mbuzi wanaozurura uani, tafuta ndugu au taasisi yenye bustani ya mimea ikupokelee.

Kazi ya kwanza ni ya wiki hii, si ya Julai. Nenda kiwanjani ukiwa na vijiti vilivyopakwa rangi, ukichomeke kimoja sentimita chache kutoka kwenye kila shina unaloliona, kwa kuwa baada ya wiki kadhaa hutaona shina. Usichimbe sasa. Kiazi kipya bado kinajengwa, na kila siku ya jani la kijani ni akiba inayoingizwa chini. Subiri majani yageuke njano yote na shina likauke, ambalo kwa masika ya kawaida huweza kuwa mwishoni mwa Juni. Ikiwa fundi ana haraka, mwombe aanzie upande wa mbele na hiyo kona aiache iwe ya mwisho.

Ukichimba, vaa glavu, kwa kuwa utomvu wake huweza kuwasha ngozi. Anza mbali, kama hatua moja kutoka kwenye kijiti, ukiingia pembeni kwa uma wa bustani au kwa mikono, kwani hujui matawi ya kiazi yameelekea wapi, na usisahau kwamba ncha ndiyo uhai wake. Kiweke kwenye mchanga mkavu ndani ya ndoo yenye maandishi makubwa ya neno SUMU, mahali penye kivuli, bila maji, mpaka vuli itakapoanza kunukia. Hapo kilaze kwa ubavu kwenye chungu kipana kisichopungua sentimita 30, chini ya udongo wa kina cha kama vidole vinne, kwa mchanganyiko wa mchanga na mboji unaopitisha maji upesi. Udongo wa kichanga wa Kigamboni unaufaa vizuri; udongo mzito wa mabondeni, kama ule wa bonde la Jangwani, utakiozesha. Kipe fito za kupandia, jua la asubuhi, na maji ya wastani. Majani yakianza tena kugeuka njano, acha kumwagilia kabisa. Hapo ndipo watu wengi huviua viazi vyao kwa huruma.

Ukitaka mimea mingi zaidi, usiende msitu wa Pugu na jembe. Misitu ya hifadhi iko chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na kuchimba mmea humo bila kibali ni kosa, mbali na kwamba unakihamisha kiazi kutoka mahali kilipo salama kukipeleka mahali kitakapotegemea kumbukumbu yako ya kumwagilia. Njia njema ni mbegu, na mbegu unazo. Yaache maua yaliyopo sasa yazae. Kijiti cha kike katika ua hili kimepinda pembeni kwa pembe mraba, kikaziepa stameni, kana kwamba hakitaki chavua ya nyumbani. Vipepeo wanapozunguka chini ya ua, mabawa yao hugusa chavua na kuipeleka ua jingine, jambo ambalo watafiti wa Afrika Kusini wamelithibitisha, na ndege wa chozi nao hulitembelea. Baadaye utaona tunda la kijani, ambalo likikauka hupasuka sehemu tatu na kuonyesha mbegu nyekundu zinazong'aa kama shanga. Mtoto akiziona atazitaka. Zikusanye wewe kabla yake.

Mbegu hizo zioteshe kwenye kopo la mchanga na mboji wakati wa mvua, nawe uwe na subira, kwani nyingine huchipua baada ya wiki tatu na nyingine baada ya miezi. Mwaka wa kwanza kila mche utakupa majani machache yasiyo na ua, kisha utatoweka, nawe utadhani umekufa. Usilimwage kopo. Kiazi kidogo kama punje ya karanga kimo ndani, na ua la kwanza hulitarajii kabla ya mwaka wa tatu au wa nne.